Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Osinya

Mtu niliyemuua alinijia ofisini Jumatatu asubuhi. Alivua kofia mlangoni, akanisalimu kwa adabu kuliko wengi wanaokuja kunigombeza kuhusu vyeti vyao. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyepakia malori miaka mingi, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Nyuma yake alisimama msichana wa kama miaka kumi na mitatu, kavaa sare ya shule, kakumbatia bahasha ya kaki.

"Madam, mimi nataka namba yangu tu," alisema. "Kitambulisho ilipotea zamani. Mwalimu mkuu anasema kama hakuna namba ya mzazi, mtoto hawezi andikishwa mtihani wa darasa la saba. Mwisho ni Ijumaa."

"Hiyo kazi ya dakika tano," nilimjibu.

Nilisema hivyo kwa majivuno, sikatai. Mimi, Akiror, ni msajili wa vizazi na vifo katika gombolola moja, yaani kata, ya Uganda, kati ya Tororo na Busia, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili. Mwanzoni tulikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi, ambalo panya walilionja kila msimu wa mvua. Mtu akitaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe alipanda basi hadi Kampala, akalala kwa ndugu, akaambiwa arudi wiki ijayo. Kisha serikali ikatuletea tableti. Wenzangu walinuna, lakini mimi niliipenda siku hiyo hiyo. Kuna mama wa Kirewa aliyezunguka miaka sita akitafuta cheti, nikamtolea kwa siku nne, akalia machozi mbele yangu na kesho yake akaniletea jogoo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mimi ni adui wa maendeleo. Kasoro kubwa niliyoijua ilikuwa moja tu: hapa mpakani tableti ikidaka mnara wa Kenya, mfumo unadhani niko nchi ya nje, na haupokei kitu hadi nisogee upande wa pili wa jengo.

Nikamwambia yule bwana aweke kidole gumba kwenye kioo. Akaweka. Tableti ikafikiri kidogo, ikaleta picha yake akiwa kijana, mashavu yamejaa. Chini ya picha palikuwa na jina, Osinya, wa Iyolwa. Chini ya jina palikuwa na neno moja jekundu: Marehemu.

Nilidhani ni makosa ya macho. Nikafuta kioo kwa kanga, nikasoma tena. Aliyeandikisha kifo: Nasirumbi, mama mzazi. Aliyesajili: Akiror. Na tarehe ilikuwa ya Jumamosi moja miaka mitatu iliyopita, Jumamosi ninayoikumbuka vizuri kabisa.

Osinya aliinama akasoma polepole, midomo ikicheza. "Huyu Akiror ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, maana ningejua pa kuanzia. Alimtazama binti yake, akaigeuza tableti taratibu ili msichana asione. Lakini alikuwa ameshaona.

Sasa ni lazima nieleze nilivyofanya, na nieleze bila kujipendelea. Osinya aliondoka nyumbani miaka kumi na mitano iliyopita, baada ya kugombana na baba yake juu ya fahali aliyeuzwa bila yeye kuulizwa. Alivuka Busia akaishia kaskazini mwa Kenya, Lokichogio, akipakia malori. Hakupiga simu hata siku moja. Baba yake akafariki. Mdogo wake, Patroba, akataka kuoa na kujenga, lakini wazee wa ukoo wakakataa. Walisema Patroba hawezi kumpita kaka ambaye hajulikani kama yu hai au amekufa. Basi wakafanya kinachofanywa huku kwetu mtu akipotea hivyo. Walikata shina la mgomba urefu wa mwanamume, wakalifunga kwenye shuka nyeupe, katekista akasali, wakalizika kwa jina la Osinya. Nasirumbi, mama yake, alilia kama wanavyolia wazazi wote, kwa sababu kilio hakikuwa cha mgomba.

Nilikuwepo. Mwaka ule wilaya ilitaka kila kifo kiandikwe, na kwa kuwa watu hawaji ofisini kuandikisha vifo, mimi niliwafuata mazikoni kila Jumamosi na tableti yangu mkobani. Nilijua fika kwamba ndani ya shuka mlikuwa na mgomba. Zamani, bosi wangu mzee Emoit alikuwa na utaratibu wake kwa mambo kama hayo. Waliokufa kweli aliwaandika kwa kalamu ya wino. Wa mgomba aliwaandika kwa penseli, na katika miaka yake yote aliwafuta watatu waliorudi. Hakuna sheria iliyomruhusu. Alifanya tu, kwa sababu aliwajua watu wake.

Tableti haikuwa na penseli. Iliniuliza sababu ya kifo, ikanipa orodha: malaria, ajali, uzazi, na kadhalika. Nikabonyeza "nyingine". Ikaniuliza kama mwili umeonekana. Nikibonyeza hapana inagoma kuendelea, na mimi nilikuwa nimebakiza kifo kimoja ili niwe wa kwanza wilaya nzima. Nikabonyeza ndiyo. Nasirumbi akaweka kidole bila kuuliza, macho yamevimba. Mwezi uliofuata nilipewa cheti cha msajili bora, chenye fremu. Kilikuwa kinaning'inia ukutani juu ya kichwa cha Osinya wakati ananiuliza huyu Akiror ni nani.

"Umerudi lini?" nilimuuliza.

"Januari. Mama ya huyu alikufa. Alikuwa Mteso wa Malaba, tulikutana huko juu, alikuwa anapikia madereva. Nikaona mtoto asikulie kwa jangwa. Nimepanga chumba Busia, hapa upande yetu. Yeye anaitwa Atai. Ana akili sana, madam. Mwalimu anasema anaweza kuwa wa kwanza."

"Na nyumbani Iyolwa umeenda?"

Akatikisa kichwa. "Nilisikia sokoni kwamba nilizikwa. Mtu ambaye amezikwa haendi nyumbani mpaka mama amwite kwa jina. Mimi nangoja aniite."

Nilipiga simu makao makuu siku hiyo hiyo, nikimwacha Osinya na binti yake kwenye benchi la nje. Nilizungushwa kwa watu wanne, nikakaribia kutukana, ndipo akapokea msichana mmoja anayeitwa Among. Nilipolisikia jina hilo, jina la kwetu Wateso, nikageuza lugha. Akacheka, akanijibu kwa Kiteso, na kuanzia hapo tukaongea kama watu.

"Mama, kuna njia mbili," Among aliniambia. "Ya kwanza ni rahisi. Baba tayari ni marehemu kwenye mfumo. Mtoto umwandike yatima, utaje mlezi yeyote wa ukoo, mfumo utatoa namba papo hapo na mtihani ataufanya."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni kufuta kifo. Alama za kidole cha huyo bwana zipo, na hilo ni zuri, zamani tungechukua mwaka mzima kubishana kama ni yeye au si yeye. Sasa inatosha siku moja. Lakini msajili ale yamini mahakamani kwamba aliandika uongo, na aliyeripoti kifo aweke kidole kwamba mtu wake yu hai. Hicho kidole nikikipata kabla ya Alhamisi jioni, nitafungua faili lake mwenyewe kabla sijatoka kazini." Akashusha sauti. "Mama, kile kiapo kinaingia kwenye faili lako. Hakitoki."

Nilijua maana yake. Jina langu lilikuwa limependekezwa kwenda ofisi ya wilaya, Tororo mjini, kiti chenye mto na choo cha ndani. Nilikuwa nimeshawaambia majirani, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kuniita bosi.

Nilipotoka nje kumweleza Osinya zile njia mbili, hakunipa nafasi ya kumaliza ya pili.

"Andika yatima," alisema. "Mimi nimekufa miaka mitatu na sijasikia uchungu. Wacha mtoto afanye mtihani."

"Usinifundishe kazi," nilimwambia, na nilikuwa mkali kuliko nilivyokusudia. "Nimekuzika mara moja kwa ajili ya fremu ya ukutani. Sikuziki tena."

Alinishangaa. Hata mimi nilijishangaa, maana mdomo wangu ulikuwa umeshafanya uamuzi ambao moyo bado ulikuwa unaukwepa. Usiku sikulala vizuri. Nilikiwaza kile kiti chenye mto, nikajionea huruma hadi jogoo wakawika, na saa tatu asubuhi nilikuwa mahakamani. Nilikula yamini mbele ya hakimu kijana aliyeniuliza mara mbili kama nimeelewa ninachosema. Nikamwambia nimeelewa, na kwamba kama anataka nirudie kwa sauti kubwa zaidi nitarudia. Jumatano mvua ilinyesha kutwa nzima, barabara ya Iyolwa ikawa matope matupu, hakuna bodaboda aliyekubali. Alhamisi mchana tukaondoka na bodaboda mbili, mimi moja, Osinya na Atai nyingine.

Tulipofika karibu na boma, Osinya alishuka akasimama nyuma ya ua wa minyaa, mahali alipodhani mtu wa ndani hawezi kumwona. Nikaingia na msichana.

Nasirumbi alikuwa barazani akichambua mtama kwenye ungo. Ni Msamia aliyeolewa Iyolwa, mwembamba, mgongo umenyooka, na ulimi wake unajulikana hadi Kisoko. Aliniona, akaiona tableti, na uso wake ukakunjamana.

"Sasa unataka nini tena?" alisema. "Ile siku nilikupa kidole yangu, ukaenda nayo."

"Mama Osinya," nikaanza, na hapo hapo nikang'ata ulimi. Tangu mazishi yale hakuna aliyemwita hivyo. Ukoo wote ulikuwa umehamia kumwita Mama Patroba, na mimi nikiwemo.

Aliweka ungo chini. "Nani amekuambia uniite jina hiyo?"

Nikapiga moyo konde, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule aliyevunja kioo. Nilimweleza jinsi tableti ilivyoniuliza kama mwili umeonekana, na nilivyojibu. Nilimweleza habari ya mtihani, na kiapo, na kwamba Among anangoja kidole chake kabla ya jioni. Mwisho nikamwambia mwanawe yuko hai.

"Najua yuko hai," alisema Nasirumbi.

Aliuinua tena ungo, akaupepeta.

"Mke ya Patroba alimwona soko ya Busia mwezi wa kwanza, ananunua mboga ya sukuma. Sasa huu ni mwezi wa tano. Hesabu mwenyewe. Busia hadi hapa ni mwendo ya saa moja na pikipiki."

"Mama, yeye anangoja umwite. Ndivyo desturi inavyosema."

"Desturi!" Alipiga paja. "Aliondoka bila mtu kumfukuza. Arudi bila mtu kumwita. Miaka kumi na mitano, Akiror. Baba yake alikuwa analala pale ndani anauliza, leo amepiga simu? Mimi nadanganya, nasema simu haina moto, chaji imeisha. Kila siku simu haina moto. Mpaka akakufa. Halafu wakaniambia nizike mgomba, nikazika. Nililia nikamaliza. Machozi ya huyo mtu imeisha, na sitaenda kuomba mengine kwa jirani."

Kila alilosema lilikuwa kweli, na mtu niliyekuja kumtetea alikuwa hatua thelathini tu nyuma ya minyaa, akisikia kila neno.

Nasirumbi alipumua, akamtazama Atai kwa mara ya kwanza. Macho yake yakalegea kidogo. "Huyu ndiye mtoto?"

"Shikamoo, nyanya," alisema Atai, kwa Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka.

"Marahaba. Kuja ukae hapa kwa mkeka." Kisha akanigeukia. "Mtoto hana makosa. Andika yeye yatima, andika mimi nyanya yake ndiye ninamlea. Kidole kwa hiyo nitakupa hata kumi. Lakini kidole kwa kusema huyo mwanaume yuko hai, hapana."

Nilitazama saa. Ilikuwa imeshapita saa tisa. Kama ningeendelea kubishana, jioni ingefika na msichana angekosa vyote viwili. Nikasema moyoni, haya Akiror, kiapo umekula bure, kiti cha Tororo kimekwenda na mtu bado amekufa. Nikakaa mkekani, nikafungua fomu ya yatima.

Fomu ile ina sehemu ambayo lazima mtoto aulizwe mwenyewe. Nadhani aliyeitunga alikuwa mtu mzuri, aliogopa watoto wasije wakaandikishwa kwa watu wasiowajua. Nikamuuliza Atai jina lake, akasema. Tarehe ya kuzaliwa, akasema. Jina la mama na siku aliyofariki, akasema kwa sauti ndogo. Nilipoandika jina la baba, tableti ikajaza yenyewe: Marehemu. Mfumo ulifurahi kabisa, haukusumbua hata kidogo.

"Sasa hapa wanauliza," nilimwambia, "unaishi na nani? Nani anakutunza?"

"Baba," alisema.

"Hapo haikubali marehemu, mwanangu. Taja mwingine."

Atai alimtazama nyanya yake, akanitazama mimi. Hakuwa mtoto wa kubishana na wakubwa, niliona jinsi alivyokuwa anahangaika. "Sasa nitasema nani, madam? Yeye ndiye anaamka saa kumi na moja ananichemshia chai. Yeye ndiye ananifulia uniform. Hata hizi nywele ni yeye amenisuka. Nikisema ni mtu mwingine si nitakuwa nadanganya serikali?"

Neno hilo la mwisho lilinichoma. Lakini Nasirumbi hakulisikia. Alikuwa ameganda kwenye neno nywele.

"Nani amekusuka?" aliuliza.

"Baba."

"Leta kichwa."

Msichana akasogea, akainamisha kichwa. Nasirumbi alipitisha vidole kwenye mistari, taratibu, kutoka utosini kushuka hadi shingoni. Mistari ilikuwa imebana vizuri, ila haikuelekea kule ambako wasusi wote wanaelekeza. Ilianzia kisogoni ikapanda juu. Alipofika mwisho wa msuko mmoja alisimama, akaushika kati ya vidole viwili.

"Huyu mjinga bado anaanzia nyuma," alisema.

Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi sikuzaa msichana," aliendelea, akiongea na kile kichwa kuliko na mimi. "Wavulana watupu. Nikasema basi, huyu mkubwa atanisaidia. Kila Jumamosi alikuwa ananisuka mimi, kesho niende kanisa. Vijana wenzake wanamcheka, yeye anasuka tu. Nilimwambia, Osinya, watu wanaanzia mbele. Anasema, mama, nikianzia nyuma sioni uso yako ukikasirika." Akacheka kidogo. "Miaka kumi na mitano kichwa yangu nafunga kitambaa. Sikutaka mkono ya mtu mwingine."

Na kweli, kitambaa kilikuwa kichwani. Nilikuwa nimemwona nacho miaka yote, nikidhani ni uzee tu.

Machozi yaliyoisha yalikuja. Hakuyafuta. Aliinuka, akashika nguzo ya baraza kwanza, kisha akatembea hadi katikati ya uwanja, akasimama wima, akaita jina la mwanawe kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Osinya!"

Kuku waliacha kudonoa.

"Osinya! Nakuita mimi mama yako! Uko wapi huko unajificha? Nilikuona kofia tangu mlipofika!"

"Niko hapa, mama," sauti ikasema nyuma ya minyaa, sauti ya mtu mzima iliyokonda ghafla ikawa ya mtoto.

Hakupitia langoni. Kwa desturi yetu, aliyezikwa hapitii alikotolewa. Alizunguka nyuma ya jiko, akapenya kwenye pengo la ua wa michongoma akichanwa na miiba, akatokea kwenye uwanja na majani mabegani. Alipiga magoti matopeni, suruali yake iliyopigwa pasi ikaharibika pale pale. Nasirumbi alimpiga kofi la begani, kisha la pili, kisha mkono ulipoinuka mara ya tatu haukuwa kofi tena. Alikuwa akimtukana kwa Kisamia, na katikati ya matusi alikuwa akimwambia habari za baba yake, na simu isiyokuwa na moto, na Patroba aliyepata mapacha. Osinya alisema "ndiyo mama" kwa kila kitu, hata pale ambapo jibu lilikuwa hapana. Atai alikuwa amesimama kando yangu, kanishika mkono kwa nguvu hadi kiganja kikaniuma.

Mimi nililia pia. Naandika hivyo bila haya, maana ni kweli.

Kisha nikakumbuka kazi. Saa kumi ilikuwa imepita. Nikaifuta fomu ya yatima, nikafungua ile ya kufuta kifo, na tableti ikaniambia niko nchi ya nje. Nilipiga kelele kidogo. Nikazunguka boma lote nimeinua mikono juu, nikitafuta mnara wa Uganda, mama na mwana wakinitazama kwa mshangao, hadi nikaupata kati ya ghala na zizi la mbuzi. Wakanifuata huko na vigoda. Tukakaa wanne kwenye harufu ya mbuzi, tukaanza.

Osinya aliweka kidole, mashine ikamtambua. Mimi nikaambatanisha kiapo changu, nikakisoma tena kabla ya kukituma, na safari hii hakikuniuma sana. Zikabaki sehemu za Nasirumbi. Nilimsomea moja moja, kwa sababu hakuwahi kusoma, naye alijibu kwa makini mno, kama mtu anayetoa ushahidi. Uhusiano wako na mhusika? Ni mama, mimi ndiye nimemzaa. Ulijuaje kwamba yu hai? Akafikiri. "Andika nimeona kichwa ya mtoto." Nikaandika hivyo hivyo, Among atajua la kufanya.

Sehemu ya mwisho ilitaka tarehe. Iliuliza ni lini mtoa taarifa alimwona mhusika kwa mara ya mwisho akiwa hai. Nilikuwa na haraka, na nilishajua jibu, kwa hiyo nikaanza kuujaza mwenyewe ule mwaka aliotoroka, miaka kumi na mitano nyuma.

"Unaandika nini hapo kabla hujaniuliza?" Nasirumbi alinidaka mkono. "Hapo wanasema nini?"

Nikamsomea.

Alimtazama mwanawe aliyekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamefika kidevuni, akijitoa mwiba kwenye kiganja.

"Andika leo," alisema, akanipa kidole.